Karatasi, Matbaa au Duka: Historia ya Kitabu Uanzie Wapi?

Anayetaka kuijua historia ya kitabu kwa kawaida hupelekwa Mainz, Ujerumani, kwa mchapaji Johannes Gutenberg, huachwa hapo hapo, na hurudi akidhani habari imekwisha. Sina ugomvi na Gutenberg. Lakini kila kitabu cha zamani kimepitia mikono ya watu watatu ambao mara nyingi hawakujuana: aliyetengeneza karatasi, aliyeichapa, na aliyekiuza. Kila mmoja ameacha ushahidi wa namna yake, na kila mmoja anahitaji mtafiti wa namna yake.

Ulinganisho huu ni wa wanaositasita: mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mwalimu wa historia anayetaka somo lisilosinzisha, mkutubi aliyekabidhiwa kasha la vitabu vikuukuu, na msomaji wa kawaida mwenye hamu yake na jioni chache. Nimeishia takriban mwaka 1800, kabla ya mashine kuchukua kazi ya mikono, isipokuwa kwa Pwani ya Afrika Mashariki, ambako matbaa ilifika baadaye.

Vigezo

Njia zote tatu (karatasi, matbaa yaani mtambo wa kuchapa, na duka) nimezipima kwa mambo yale yale. Kwanza, ni ushahidi gani umebaki ambao mtu anaweza kuuona au kuugusa leo. Pili, unahitaji nini: lugha, vifaa, pesa, ruhusa. Tatu, Pwani yetu inaingia wapi. Hili si suala la uzalendo tu. Nauli ya daladala hadi maktaba ya chuo si sawa na tiketi ya ndege ya kwenda Ujerumani. Nne, mtego, yaani ile hadithi tamu inayorudiwa kila mahali na kumwangusha anayeanza. Mwishoni nasema njia hiyo inamfaa nani.

Umuhimu sikuupima. Bila karatasi ya bei nafuu matbaa isingekuwa na la kufanya, na bila mnunuzi zote mbili zingefungwa. Kuzipanga kwa cheo ni kupoteza muda.

Njia ya kwanza: karatasi

Masimulizi ya Kichina humtaja Cai Lun, ofisa wa ikulu wa enzi ya Han, aliyemwarifu mfalme mwaka 105 kuhusu karatasi ya magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Vipande vilivyochimbuliwa Gansu ni vya zamani kuliko hapo, kwa hiyo yeye aliiboresha kazi iliyokwishaanza. Ufundi ulikwenda mashariki hadi Korea na Japani, na magharibi hadi Samarkand, mji wa Asia ya Kati. Mwishoni mwa karne ya 8 Baghdad ilikuwa ikitengeneza karatasi yake, na katikati ya karne ya 12 karatasi ya Xàtiva, Andalusia, ilikuwa na jina. Mafundi wa Fabriano, Italia, walianza katika karne ya 13 na kubadili mambo matatu: vinu vya maji vya kutwangia matambara, gundi ya ngozi badala ya wanga, na alama ya maji. Ujerumani ilingoja hadi 1390, Ulman Stromer alipofungua kinu chake Nuremberg.

*Kilichobaki.* Hapa karatasi inazishinda njia nyingine, kwa sababu ushahidi ni kitu chenyewe. Kila kitabu cha kabla ya mwaka 1800 kilichoandikwa au kuchapwa juu ya karatasi kinabeba historia yake mwilini. Inua ukurasa dhidi ya mwanga. Karatasi ya Ulaya ya wakati ule itakuonyesha mistari myembamba iliyosongamana, iliyoachwa na nyaya za kalibu (chekeche la waya la kutandazia rojo ya matambara), na mistari mikuu michache inayoikata. Mahali fulani patatokea alama: kichwa cha fahali, kichala cha zabibu, taji, mwezi. Ni waya uliokunjwa na kushonewa juu ya kalibu, hivyo rojo ilitanda nyembamba zaidi pale.

Alama hiyo inakueleza pia kitabu kilivyokunjwa. Karatasi nzima ikikunjwa mara moja, alama huangukia katikati ya ukurasa na mistari mikuu husimama wima. Ikikunjwa mara mbili, alama humezwa na mshono, nusu huku nusu kule, na mistari mikuu hulala. Ikikunjwa mara tatu, alama hupanda kwenye pembe ya juu ya ndani, na mistari husimama tena. Ukiyajua haya matatu, unaweza kukaa mbele ya kitabu cha Kilatini usichoelewa hata neno lake na bado ukaeleza kilivyoundwa.

Tarehe nayo hupatikana. Waya ulilegea, ukahama, ukavunjika, na kalibu zilitumika mbili mbili, kwa hiyo kila alama ina pacha anayefanana nayo kwa karibu lakini si kamili. Charles-Moïse Briquet alichapisha mwaka 1907 michoro ya alama zaidi ya 16,000 kutoka kwenye nyaraka zenye tarehe, na mkusanyiko wa Piccard ulioko Stuttgart ni mkubwa zaidi na unatazamwa mtandaoni bila malipo. Jambo jingine la kushika: karatasi ya Ulaya isiyo na mistari kabisa ilitokea kwenye kitabu kwa mara ya kwanza mwaka 1757, kwa kazi ya James Whatman na mchapaji John Baskerville. Ukiambiwa kitabu ni cha 1700 na karatasi yake haina hata mstari mmoja, uliza maswali kabla ya kutoa pesa.

Karatasi ya nchi za Kiislamu ni somo jingine. Haina alama ya maji. Ilipakwa wanga kisha ikasuguliwa kwa jiwe laini hadi ikang'aa na kalamu ya mwanzi ikateleza. Baadaye karatasi ya Italia iliingia masoko hayo kwa bei ya chini, ikiwa na alama zake, nyingine za msalaba. Mwaka 1409 mwanachuoni Ibn Marzuq wa Tlemcen, katika Algeria ya leo, aliulizwa kama yafaa Mwislamu kuandika juu ya karatasi ya namna hiyo, akatoa fatwa ya kuruhusu. Wafanyabiashara wa Venezia hawakungoja kuulizwa mara ya pili. Kwa soko la mashariki walitoa karatasi yenye miezi mitatu, na ikasambaa kote.

*Unachohitaji.* Tochi bapa au dirisha lenye mwanga, rula, penseli (kalamu ya wino hairuhusiwi kwenye chumba cha hati), na ruhusa ya mkutubi. Lugha ngeni si sharti la kuanza. Kinachohitajika kwa wingi ni subira, maana utapima mistari siku nzima na kuondoka na nusu ukurasa wa maelezo.

*Pwani.* Watu wa Pwani hawakutengeneza karatasi, walinunua. Ndiyo maana karatasi ya hati zetu ni ushahidi wa biashara kama zilivyo shanga na vigae vya sahani za Kichina. Barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 ziko katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, yenye mapambo mekundu na meusi, iliandikwa juu ya karatasi ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa hati uliofanywa na J. W. T. Allen, na Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar ina zake. Wengi waliozisoma hati hizi walifuata tenzi na maneno. Karatasi yenyewe ina nafasi tele kwa anayeitaka.

*Mtego.* Vita vya Talas, mwaka 751. Husemwa kwamba mateka wa Kichina waliotekwa hapo ndio waliowafundisha Waislamu wa Samarkand kutengeneza karatasi. Habari hiyo tunaipata kwa al-Tha'alibi, mwandishi wa karne ya 11, karibu miaka 300 baada ya vita, na barua za Wasogdiani zilizokutwa karibu na Dunhuang zinaonyesha kwamba watu wa Asia ya Kati walikuwa wakiandika juu ya karatasi tangu karne ya 4. Mtego wa pili ni wa fundi mwenyewe: alama ya maji huipa tarehe karatasi, haiyapi maneno yaliyoandikwa juu yake. Rimu inaweza kukaa kabatini miaka mingi kabla ya kuguswa.

*Inamfaa* mtu wa macho na mikono: mkutubi, fundi wa kuhifadhi hati, mwanafunzi wa akiolojia, mwenye kumbukumbu za ukoo. Haimfai anayetaka visa na watu. Mtengeneza karatasi hakuandika jina lake popote isipokuwa ndani ya waya.

Njia ya pili: matbaa

Hii ndiyo njia iliyokanyagwa sana, na msomaji mpya hatakosa wa kumwongoza. Kabla ya Ulaya kuna Asia. Karatasi za dua za Kibuddha zilichapwa kwa wingi Japani katika miaka ya 760. Gombo la Kibuddha lililokutwa pangoni Dunhuang, lililochapwa kwa mbao, lina tarehe ya mwaka 868 na liko British Library. Bi Sheng alifinyanga herufi moja moja za udongo katika miaka ya 1040, kama alivyosimulia Shen Kuo. Korea ilichapa kwa herufi za chuma: nakala ya mwaka 1377 kutoka hekalu la Heungdeok, Cheongju, ipo Paris katika maktaba ya taifa ya Ufaransa.

Alichokifanya Gutenberg ni kuunganisha vitu: kalibu ya mkononi ya kumiminia herufi nyingi zilizo sawa, mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni uliopoa upesi bila kusinyaa vibaya, wino wa mafuta uliong'ang'ania chuma, na shinikizo lililofanana na la kukamulia zabibu. Biblia yake ya mistari 42 ilikamilika kufikia 1455. Barua ya Enea Silvio Piccolomini, askofu aliyekuja kuwa Papa Pius wa Pili, ya Machi mwaka huo inataja nakala 158 au 180, na inasifu herufi zilizosomeka bila miwani. Karibu 49 zimebaki, nyingine nzima, nyingine pungufu.

*Kilichobaki.* Kingi mno. Matoleo yaliyochapwa Ulaya kabla ya 1501 na kusajiliwa ni takriban 30,000, na maelfu yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure na maktaba za Munich, London na kwingineko. Kwa anayeishi mbali hilo ni jambo kubwa. Ila picha haikuonyeshi namna herufi ilivyodidimia kwenye karatasi, na vitabu vya mwanzo havisemi chochote kuhusu gharama. Jina la Gutenberg mwenyewe halimo katika kitabu chochote alichokichapa. Mengi tunayoyajua juu yake yametoka mahakamani: hati ya Novemba 1455 ya kesi aliyofunguliwa na mkopeshaji wake, Johann Fust. Baada ya kesi hiyo Fust aliendelea na kazi pamoja na Peter Schöffer, aliyekuwa fundi wa Gutenberg, na mwaka 1457 wakatoa kitabu cha zaburi chenye majina yao na tarehe.

*Unachohitaji.* Kilatini kidogo, au walau uvumilivu wa kuishi na kamusi. Kijerumani na Kiitaliano ukitaka kwenda mbali. Kwa upande wa Asia utahitaji Kichina, Kijapani au Kikorea, na hapo wengi hurudi nyuma. Wa darasani wana bahati: chapa ya mbao unaweza kuifanya kesho kwa kipande cha ubao laini, patasi ndogo, wino na kijiko cha kusugulia mgongo wa karatasi. Mwanafunzi akichonga jina lake bila kuligeuza, akalichapa na kuliona linasomeka kinyume, hutahitaji kumwambia tena kwa nini kazi ya mchongaji ilikuwa ngumu.

*Pwani.* Kwa maoni yangu hapa ndipo penye utajiri uliosahauliwa, na njia yake haipitii Mainz bali njia ya herufi za Kiarabu. Kitabu cha kwanza cha herufi za Kiarabu za kupanga kilichapwa Italia, Fano, mwaka 1514, nacho kilikuwa kitabu cha sala za Kikristo. Karibu 1537 akina Paganini wa Venezia walichapa Kurani yenye makosa mengi; nakala moja tu ndiyo inayojulikana, na iligunduliwa katika nyumba ya watawa wa Venezia mwaka 1987. Istanbul, Ibrahim Müteferrika alipata kibali cha sultani mwaka 1727, akatoa kitabu chake cha kwanza 1729, na hadi anaacha kazi alikuwa na vitabu 17 tu. Cairo ikapata matbaa ya Bulaq mwanzoni mwa miaka ya 1820.

Kikwazo kikubwa kilikuwa herufi zenyewe. Za Kiarabu hushikana na kubadilika zikiwa mwanzo, katikati, mwisho au peke yake, hivyo sanduku la mpangaji lilihitaji vipande mamia. Chapa ya jiwe aliyoibuni Alois Senefelder mwishoni mwa miaka ya 1790 iliondoa tabu hiyo: mwandishi aliandika kwa mkono wake, na jiwe likatoa mkono ule ule. Wahindi wa Bombay waliikumbatia, na vitabu vyao vya dini vikavuka bahari pamoja na vya Cairo hadi Zanzibar, Mombasa na Lamu.

Kisha Zanzibar yenyewe. Sultani Barghash, aliyesafiri Uingereza na Misri mwaka 1875, alianzisha matbaa yake iliyochapa vitabu vya fiqhi (sheria za Kiislamu) ya madhehebu ya Kiibadhi katika miaka ya 1880. Mji huo huo, wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, chini ya Edward Steere walikuwa na mtambo wao wa herufi za Kilatini, na mwaka 1888 jarida lao la Msimulizi lilianza kutoka Kiungani. Kisiwa kimoja, matbaa mbili, herufi mbili, wasomaji wawili tofauti. Anayetafuta mada na anasoma Kiarabu na Kiswahili asiende mbali.

*Mtego.* Wa kwanza ni kudhani uchapaji ulianza Mainz. Wa pili umejificha zaidi: kwamba Waislamu waliukataa uchapaji kwa sababu ya dini. Hutajwa amri za masultani za 1485 na 1515, lakini amri zenyewe hazijaonyeshwa, ilhali Wayahudi wa Istanbul walichapa Kiebrania mwaka 1493 chini ya sultani yule yule anayedaiwa kutoa amri ya 1485. Zitazame sababu za kawaida kwanza. Wanakili walikuwa wengi na hodari, bei yao ilikuwa ya kuridhisha, na kitabu cha Kiarabu kilichochapwa Ulaya kilikuwa na sura mbaya na makosa machoni pa msomaji wake.

*Inamfaa* mwalimu, mpenda ufundi, mwanafunzi wa lugha, na yeyote anayetaka vitabu vingi vya kumwongoza. Asiyependa njia yenye msongamano ataona kila swali la Ulaya limekwisha kuulizwa.

Njia ya tatu: duka la vitabu

Biashara ya vitabu ni kongwe kuliko matbaa. Katika karne ya 9 mwanajiografia al-Ya'qubi alihesabu zaidi ya maduka 100 ya warraqin mjini Baghdad, watu walionakili, kujalidi na kuuza karatasi na vitabu kwa pamoja. Ibn al-Nadim alikuwa mtu wa biashara hiyo, na orodha yake kubwa ya vitabu ya mwaka 987 isingeandikwa na mtu asiyepitisha vitabu mikononi kila siku. Ndiye pia anayetusimulia kwamba mwandishi al-Jahiz alikodi maduka ya vitabu alale humo usiku akisoma. Paris na Bologna, wauza vitabu wa vyuo waliapishwa na kukodisha vitabu vipande vipande ili wanafunzi wanakili. Huko Florence, Vespasiano da Bisticci alijisifu kwamba kwa waandishi 45 alimkamilishia Cosimo de' Medici, tajiri aliyeutawala mji huo, vitabu 200 ndani ya miezi 22, vyote vya mkono.

Matbaa ilipokuja ilileta tatizo jipya: mtu aliyechapa alikuwa na nakala 275 kabla hajajua nani atanunua. Hiyo ndiyo idadi ya kawaida ya Sweynheym na Pannartz, wachapaji wa kwanza wa Roma. Mwaka 1472 walimwandikia Papa Sixtus wa Nne wakilia kwamba nyumba yao imejaa karatasi zilizochapwa na haina chakula. Ukiisoma barua ile ndipo utakapoona kwa nini historia ya uchapaji bila historia ya uuzaji ni nusu.

*Kilichobaki.* Kidogo, lakini kilichopo kinasema. Daftari la Francesco de Madiis, muuza vitabu karibu na Rialto, Venezia, linaanza Mei 1484 na kukoma Januari 1488. Ndani ya miaka isiyotimia minne aliandika humo vitabu takriban 25,000 vilivyouzwa: jina, bei, na mara nyingine namna ya malipo. Wateja wengine hawakulipa sarafu. Walileta mafuta, unga, mvinyo, au walilipa kwa kazi ya kujalidi. Hesabu zake zinahitaji kichwa kilichotulia, maana dukati moja ni lira 6 na soldi 4, yaani soldi 124, lakini baada ya kurasa chache unaanza kuona kitabu cha shule kikienda kama njugu na kitabu cha sheria kikimsubiri mwanasheria.

Antwerp ni hazina nyingine. Christophe Plantin alianza kazi mwaka 1555, na nyumba yake leo ni makumbusho yaliyomo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2005, yakiwa na mitambo, herufi na nyaraka za hesabu za karne tatu. Kuna pia orodha za maonyesho ya vitabu ya Frankfurt, zilizoanza kuchapwa na Georg Willer mwaka 1564, na sajili ya chama cha wauza vitabu cha London kilichopata hati ya kifalme 1557. Moto wa London wa 1666 ulituharibia mengine: wauza vitabu wa uwanja wa kanisa la St Paul's walificha bidhaa zao katika chumba cha chini ya kanisa, na zikateketea humo.

*Unachohitaji.* Kusoma mwandiko wa zamani, hesabu ya fedha zisizo za kumi kumi, na chembe ya sheria. Bila sheria hutaelewa kwa nini sheria ya Uingereza ya 1710 ilimpa mwandishi wa kitabu kipya haki ya miaka 14, na 14 mingine akiwa hai, wala kwa nini uamuzi wa mabwana wa bunge wa 1774 uliwakasirisha wauza vitabu wa London waliodhani haki zao ni za milele. Kwa bahati nzuri sehemu ya Kiingereza imechapwa na inapatikana bila kusafiri.

*Pwani.* Tusitafute daftari kama la Venezia. Kitabu hapa kilisafiri kwa jahazi, kwa Hijja, kwa zawadi, kwa wakfu na kwa urithi. Ushahidi uko kwenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho: jina la mwenye kitabu, la aliyemuuzia, mwaka wa Hijria, maneno ya wakfu. Ukikusanya maandishi hayo kutoka vitabu vya familia moja ya makadhi, unapata ramani ya biashara bila kuona risiti hata moja.

*Mtego.* Kulitazama duka la kale kwa macho ya leo. Kitabu mara nyingi kiliuzwa kikiwa karatasi zilizochapwa bila kujalidiwa, kikasafirishwa ndani ya mapipa, na jalada lilikuwa shauri la mnunuzi. Kwa hiyo bei ya daftarini si bei ya kitabu kilichoko rafuni. Tena mchapaji, mchapishaji na muuzaji huenda alikuwa mtu mmoja, au ubia uliovunjika kabla ya kitabu kwisha. Na nakala zilizochapwa si nakala zilizosomwa, muulize Sweynheym.

*Inamfaa* mtu wa uchumi, uhasibu au sheria, na anayependa watu kuliko vitu: wadeni, walaghai, wajane walioendesha maduka baada ya waume kufa. Anayehitaji matokeo ya haraka atachoka.

Kwa hali yako

Ukiwa na muhula mmoja tu na maktaba ya chuo karibu, shika karatasi. Hati chache, vipimo vilivyo safi, picha za alama, ulinganisho na Briquet au Piccard. Hiyo ni tasnifu ya shahada ya kwanza inayokamilika kwa wakati.

Ukiwa na intaneti lakini huna hati za kugusa, matbaa ndiyo yenye vitabu vingi vya bure. Chagua mji mmoja na miaka kumi. Anayechukua Ulaya nzima hafiki popote.

Unajua Kiarabu? Matbaa mbili za Zanzibar, au maandishi ya wenye vitabu. Ya kwanza inadai hifadhi ya nyaraka, ya pili inadai kukaribishwa majumbani, na hilo la mwisho halipatikani kwa barua ya chuo peke yake. Watafute wazee, jitambulishe kwa ukoo wako, usiende na kamera siku ya kwanza.

Mwalimu wa sekondari anaweza kuchanganya: vipindi viwili vya kuchonga mbao, kimoja cha matambara yaliyotwangwa na kutandazwa juu ya chekeche la waya. Duka aliache, isipokuwa darasa la biashara, ambako daftari la de Madiis ni zoezi zuri la kubadilishana bidhaa kwa bidhaa.

Anayetaka kununua vitabu vya zamani kwa akiba yake ajifunze karatasi kwanza hata kama moyo wake uko kwenye matbaa. Wauzaji husifu jina la mchapaji. Karatasi ndiyo itakayomwonyesha kama kurasa zimebadilishwa.

Aliyesoma biashara na anaogopa kwamba historia si fani yake, duka linamhitaji kuliko anavyodhani. Wanahistoria wengi huliruka daftari la hesabu kwa sababu hawajui kulisoma.

Na ukiwa na msahafu au kitabu cha babu sandukuni, huna haja ya kuchagua sasa hivi. Usiubandike gundi ya karatasi, usiupeleke kufunikwa plastiki, usiukandamize ulale bapa ikiwa mshono umekaza. Upige picha kila ukurasa kwa mwanga wa dirishani, pamoja na zile kurasa tupu za mwanzo na mwisho, kisha chukua picha nyingine chache mwanga ukitokea nyuma. Andika urefu na upana, mahali ilipo alama ya maji, na majina yote yaliyoandikwa pembeni. Baada ya hapo utajua mwenyewe ni swali gani kati ya haya matatu linalokuvuta.